Vikombe vya Muuaji wa Pangani

Siku hizi kitabu cha hadithi hakitungi hisia. Huziazima kwenye moyo wa mtu aliyekutunukia kitabu hicho, hata zile anazozificha. Kwa hiyo Mwanamvua alijiona anapendwa, mumewe Shomvi alipomletea kisa cha mauaji ya Pangani.

Alikisomea chumbani, amejikunja kitini. Kitabuni ukungu ukapanda kutoka mtoni, milango ya kale ikajigonga yenyewe, mwili wa mke wa mwalimu ukakutwa kwenye mikoko. Moyo ulimdunda kwa raha, mpaka mwalimu mwenyewe alipokiri kwamba ndiye aliyemuua.

"Hakunikosea neno," alisema. "Ila kila akisuuza vikombe, alikuwa akiimbia puani. Miaka yote nilisaga meno huku nikitabasamu."

Mwanamvua aliteremsha kitabu. Yeye ndiye wa kuimbia puani akisuuza vikombe, na Shomvi humwambia kila siku, "Imba, mke wangu, nyumba ichangamke."

"Umeshamjua muuaji, Mama Sada?" Shomvi aliuliza kutoka sebuleni, kwa sauti ya asali.

"Bado, Baba Sada."

Akaenda kuosha vikombe. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, jikoni kulisikika maji tu.

Kule sebuleni, Shomvi akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.