Kitendawili cha Bweni la Bluu

Siku ya michezo, shuleni kwa mjukuu wangu, mabweni hutegeana vitendawili. Bweni likishindwa kutegua, bendera yake inashushwa mwaka mzima. Mzazi akidokeza jibu, inashushwa vilevile.

Safari hii bweni la kijani lilimsimamisha mjukuu wangu jukwaani, yule wanayemwita Kimya, maana neno lake hulitafuta kwa tochi.

"Kitendawili!" akaita kapteni wa bluu.

"Tega!" uwanja mzima ukaitika, na bibi mzima nikiwemo.

"Nampiga kila siku, na akilia, watoto wote hukimbia!"

Jibu likanijaa mdomoni. Nikauma upindo wa mtandio, nikauma hasa, mpaka nikaonja sabuni.

"Mama, nakuomba, usiseme!" binti yangu akaninong'oneza.

Mwalimu wa michezo akaanza kuhesabu kutoka kumi. Kimya katumbua macho, jasho linamdondoka kidevuni.

"Bubu huyo! Shusheni bendera!" bluu wakaimba.

Hesabu ilipofika nne, mtoto akaruka kutoka jukwaani, akatimua mbio.

"Kakimbia! Kakimbia!"

Tatu. Mbili. Bluu wamekwisha kuuzunguka mlingoti wetu.

"Mama, anakwenda wapi huyu?"

Nilikuwa nimeshapanda juu ya benchi, na magoti yangu haya haya, nampungia mtandio.

"Nyamaza uone!"

Kimya alikuwa amefika kwenye baraza ya walimu. Akaidaka kamba ya kengele kwa mikono miwili, akajining'iniza.