Kidoti Chekundu

Kidoti chekundu kilifika tena kwenye mzunguko wa soko, na Injinia akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kata kushoto, mwanangu," alikiambia kioo cha kompyuta. "Haya, kushoto tena. Utakoma kuiba."

Kilikuwa kipya, kimewaka asubuhi ileile. Magari ya wateja waliolipia programu yake ya ramani yalionekana pale kama vidoti vya kijani. Wenye nakala za wizi walikuwa wekundu. Wa kijani walipitishwa njia za mkato, wekundu walizungushwa. Ramani haikuwaambia neno. Iliwasogeza karibu kabisa na wanakokwenda, kisha ikawageuza. Madereva wa teksi walilaani foleni, wa mizigo wakalaani barabara, na Injinia alikaa chumba cha chini cha nyumba yake akijionea sinema ya bure.

Namba ya kufungulia programu aliitoa yeye peke yake. Nakala isiyo na namba yake ilikuwa ya wizi, hata awe nayo nani, na mtego ukishanasa hata yeye hakuweza kuutegua kutoka pale alipoketi. Jambo hilo alijivunia sana.

Mkewe hakuujua mtego huo. Angeujua, wangelala mzungu wa nne mwaka mzima.

Maana mkewe ndiye aliyekuwa muuzaji, na mtaa mzima ulimwita Mama Wateja. Akisikia kampuni fulani inatumia nakala ya wizi, hapigi kelele. Huwapigia simu, huwauliza wamekwama wapi, kisha huenda kukaa nao mpaka waijue. Wengi waliona haya wakalipa wenyewe.

"Mwizi wa leo ndiye mteja wa kesho, bwana wewe," alisema asubuhi hiyo, akishuka ngazi polepole na mtandio shingoni. Pumu ilikuwa imemsumbua usiku. "Mpe, mwelekeze, mzoeshe. Akishazoea ataenda wapi?"

"Mwizi hafugwi, mke wangu."

"Kwani amekuibia nini? Programu si bado unayo?"

"Ameniibia usingizi."

"Usingizi! Wewe unayekoroma mpaka paka anahama nyumba?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia alimshika mumewe bega. "Kesho nina habari yako. Nimekupatia mteja wa kujivunia."

"Nani?"

"Kesho. Waache kwanza waizoee."

Akarudi juu kupumzika. Jana yake alikuwa ameshinda hospitali ya mlimani, kwenye sherehe ya kumuaga dereva wa ambulensi aliyestaafu. Mzee yule alikuwa amemkimbiza Mama Wateja hospitali mara nyingi pumu ilipombana. Injinia hakwenda kumuaga. Hakumsamehe kwa siku ile mzee alipoambiwa anunue ramani, naye akajigonga kipajini kwa kidole: "Ramani yangu hii hapa, kijana. Haiishi chaji."

Injinia alikuwa bado anatabasamu mbele ya kioo aliposikia kishindo juu.

Alimkuta mkewe sakafuni, ameegemea kitanda, mdomo wazi, pumzi zikitoka kwa filimbi nyembamba. Kopo la dawa ya kuvuta lilikuwa mkononi mwake. Injinia alilitikisa. Tupu.

Gari walikuwa nalo, lakini mwendeshaji alikuwa mke. Mtengeneza ramani asiyejua kushika usukani, watu walimtania hivyo naye akacheka nao. Leo hakuona cha kuchekesha. Alikimbia chini, akapiga simu hospitali ya mlimani.

"Usimpakie kwenye teksi," muuguzi alimwonya. "Anahitaji oksijeni, na ambulensi inayo. Imeshatoka, haichukui muda kufika kwenu. Kaa naye tu, mkalishe wima."

Aliitupa simu mezani, akapanda ngazi mbilimbili. Alikaa sakafuni, akamwegemeza mkewe kifuani, akamshika mkono. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Bila mwanamke huyu hakuwa na rafiki, hakuwa na wateja, hakuwa na nyumba.

King'ora kikasikika kwa mbali, kikakaribia.

"Hao! Unawasikia? Hao wamefika."

Mkewe alijaribu kutabasamu. Midomo yake iliyoanza kuwa ya kijivu ilitikisika. "Hao... ndio..."

"Nyamaza, mpenzi. Usipoteze pumzi. Utaniambia baadaye."

King'ora kilifika kama nyumba ya tatu hivi. Kisha kikafifia.

Injinia alitega sikio. Labda wanatafuta pa kugeuzia gari. Baada ya muda kikarudi, safari hii kwa upande wa nyuma, kikalia kwa nguvu hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Kikafifia tena.

"Huku!" alipiga kelele kuelekea dirishani. "Huku, jamani!"

Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umelegea. Filimbi ya pumzi alikuwa haisikii tena. Alimwita mkewe kwa jina, kisha kwa majina yote ya mapenzi aliyowahi kumwita. Simu ilikuwa inaita chini, haikomi. Alimlaza taratibu akashuka akipepesuka, akaidaka.

"Baba, samahani sana," alisema muuguzi. "Dereva ni mgeni, ameanza kazi leo. Lakini usiwe na wasiwasi, hawezi kupotea. Anatumia ramani yenu. Mama mwenyewe alimnakilia jana kutoka kwenye simu yake, akatuambia ni zawadi."

Kwenye kioo, kidoti chekundu cha asubuhi kilifika kwenye kona ya nyumba yake, kikakata kushoto.