Kiti cha Bawabu

Haya alinisimulia jirani yangu Zuwena, mwezi wa Rajabu, tukichambua mchele kibarazani kwake.

Baba yake, Mzee Shaame, alikuwa bawabu wa kasri enzi za mfalme. Miaka thelathini alikaa nje ya lango kuu, mgongo langoni, uso njiani, na hakupata kuingia ndani hata siku moja. Mfalme alipoondoka na watu wakaruhusiwa kuingia, mzee alivaa kanzu yake ya Idi, akamwomba Zuwena ampeleke.

Walipofika lango kuu, askari aliyeketi kitini akawaambia, "Leo ni kutazama kuta na malango tu. Ndani kuna mafundi."

"Kuta nazijua," akasema mzee. "Nimeziegemea mpaka zikanitoboa kanzu."

"Basi jaribuni lango la mashariki, babu."

Wakazunguka. La mashariki likawapeleka la kaskazini, la kaskazini likawarudisha lango kuu. Zuwena alikuwa ameshavua viatu kwa uchovu.

"Baba, twende zetu. Tutarudi."

"Mimi wa kurudi lini, mwanangu?" Akamgeukia askari. "Hebu inuka, nipe hicho kiti."

Askari akacheka, lakini akainuka. Mzee akakiweka palepale alipokuwa akikaa zamani, kisha akakigeuza, akaketi mgongo njiani, uso langoni.

"Wakifungua, niamsheni."

Nyuma ya lango nyundo ziligonga, zikanyamaza, zikagonga tena. Mzee aliukodolea macho ufa wa katikati, mpaka akalala.