Mstari wa Shekue

Wivu ulimjaa Shekue. Skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, ya kusakinishia programu za ofisi aliianza yeye, lakini sifa zote zilimwendea Tunu, aliyeimalizia. Tunu alipotoka kunywa chai, Shekue akaifungua, akachomeka mstari wa kuifanya itoe maneno haya: "Shekue ndiye mwenye kazi hii." Kijicho kilimsahaulisha kwamba kila neno linalotolewa na skripti hiyo, mfumo wa mipangilio ya kompyuta hulipokea kama amri.

Tunu akarudi, akaiendesha mbele ya wote. Ikagoma.

"Kulikoni, Bi Tunu?" mkuu wa ofisi akauliza.

Tunu akaisoma skrini kwa sauti: "Shekue: amri isiyojulikana."

Vichwa vyote vikamgeukia Shekue. Kwenye skrini, kimstari cha kuandikia kilikuwa kikiwakawaka kando ya jina lake, kikisubiri jibu.