Hanshin Ikishinda, Picha Huanguka

Hanshin iliposhinda, picha ilianguka tena.

Fusae alikuwa jikoni akikata tofu. Redio ilikuwa sebuleni mbele ya meza ya marehemu, imewekwa pale makusudi ili Teruo, mumewe, asipitwe na mchezo wa besiboli wa timu yake. Mtangazaji alipopaza sauti, mtaa mzima uliitikia kwa vifijo, na katikati ya vifijo hivyo Fusae akasikia kitu: tap. Akaenda kutazama. Picha ya mumewe imelala kifudifudi. Bia aliyomwekea haijamwagika hata tone. Dirisha limefungwa, na moshi wa ubani unapanda wima.

Akaisimamisha.

Ndivyo ilivyokuwa tangu wamzike mzee huyo kwa moto, kama desturi yao. Hanshin ikishindwa, Teruo anakaa ametulia na tabasamu lake. Hanshin ikishinda, anaanguka.

"Shemeji, na hilo nalo la kuuliza?" alisema Ozaki kesho yake asubuhi, alipokuja kuwasha ubani. Yeye na marehemu walipiga tarumbeta pamoja kwenye jukwaa la mashabiki wa Hanshin tangu nywele zao zikiwa nyeusi. "Huyo anaruka. Timu imeshinda, anarukaruka huko aliko, sasa picha itasimamaje?"

Kanako, mke wa mwanawe Fusae, akacheka kiganja kikiwa mdomoni. "Baba na kuruka wapi na wapi? Mwaka ule wa ubingwa watu wanajitupa mtoni kwa furaha, yeye kajifungia bafuni analia."

"Ndiyo furaha yenyewe hiyo, kila mtu na yake. Nani alikuwa na timu moyoni kama Teruo? Wale mahasimu wetu, Kyojin wa Tokyo, wakishika gongo tu, anaweka tarumbeta chini, mkono kifuani, macho kafumba. Anawaloga. Sisi wote tunanyamaza tumpishe." Ozaki akanywa chai, akashusha sauti. "Kesho mkigawa vitu vyake, mimi naomba koti tu. Lile la kushangilia. Tulitundike kwenye chumba chetu cha mashabiki, wenye timu yao walione."

"Utalipata," Fusae akasema, akaongeza chai. Yeye alijua kwa nini picha inaanguka.

Baba yake alikuwa na duka la tofu papo hapo Osaka, na Hanshin ikishinda aliuza nusu bei. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo atakayemwoa Fusae alitakiwa kuhamia kwao, achukue duka na jina la ukoo. Wachumba walikuja, na mzee aliwauliza swali moja tu: wewe timu gani? Teruo alikuwa kijana wa kuja, katoka huko mashariki, upande wa Tokyo, kazi yake kuosha maharage dukani. Akainamisha kichwa, akajibu, "Hanshin, Mzee." Akapewa binti.

Lakini binti mwenyewe alikuwa na lake. Utotoni, televisheni ya jirani ilionyesha Kyojin, leo Kyojin, kesho Kyojin, na moyo wa mtoto ukanasa huko. Kwa kumwogopa baba, akanyamaza. Akaolewa na mpiga tarumbeta wa Hanshin, akanyamaza zaidi. Maisha yote alimfungia mumewe chakula cha uwanjani, akavaa njano na nyeusi za Hanshin, na chini ya debe la mchele akaficha kitaulo cha rangi ya chungwa, kile wanachopunga watu wa Kyojin.

Sasa Teruo ni marehemu, na marehemu huona mpaka ndani ya moyo. Hanshin ikishinda, anaona jinsi mkewe anavyoumia. Ndiyo maana anamgeuzia uso.

Na kesho ni siku ya arobaini na tisa tangu kifo, siku roho inapoiaga nyumba. Akiondoka na kinyongo, Fusae atakutana naye vipi huko mbele?

Alasiri, wengine walipotoka, akawasha redio. Hanshin na Kyojin. Akamjazia Teruo bia, akatoa kitaulo chini ya debe, akapiga magoti.

"Mzee," akasema, "usinigeuzie uso kabla hujanisikia. Mimi si mtu wa Hanshin. Sijawahi kuwa. Mimi Kyojin tangu mtoto. Nilikuficha kwa sababu nilikupenda, basi."

Akasubiri picha ianguke.

Haikuanguka. Kyojin wakapata pointi, wakapata na nyingine, mtaa ukanyamaza kama una msiba, mpaka mchezo ukaisha. Teruo amesimama wima anatabasamu. Bilauri yake ya bia ilikuwa tupu.

Amenisamehe, Fusae akawaza, na machozi yakamtoka.

Akalitandika koti chini kwenye mkeka ili alipige pasi kwa ajili ya Ozaki, chui milia wa mgongoni, nembo ya Hanshin, akimkodolea macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulishika. Teruo hakumruhusu mtu. Alilifua mwenyewe, alilishona mwenyewe. Pasi ilipofika kifuani, upande wa kushoto, ikapanda juu ya kitu kinene ndani ya bitana.

Hirizi, labda, na hirizi ya mtu haipewi mwingine, hurudishwa hekaluni. Akachukua mkasi, akafumua nyuzi moja moja.

Kikatoka kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Fusae akakikunjua, akakiweka kando ya kitaulo chake. Rangi ile ile ya chungwa. Ila cha Teruo kilikuwa kimechakaa zaidi.