Hapana ya Mwanakheri

Mwanakheri aliketi mbele ya mwanasaikolojia, Daktari Bahame, mikono ameibana katikati ya magoti. Mahakama ilikuwa imemchukua mwanawe mchanga, na majibu ya leo ndiyo yangeamua kama atarudishiwa.

Bahame alisoma sentensi moja moja, na Mwanakheri alitakiwa ajibu ndiyo au hapana.

"Sijawahi kutamani kumdhuru mtu."

"Hapana!" alijibu upesi. "Hapana, daktari, hata siku moja!"

Kalamu ya Bahame ilisita. Mwanakheri akaikodolea macho. Amekosea nini?

"Pole, mama, sentensi yenyewe ina mtego," alisema Bahame, sauti ameishusha kama anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Ukiikataa, ni kama umesema uliwahi. Nakusudia kukuelewa vizuri. Uliwahi, au hujawahi?"

"Sijawahi."

"Haya, nimeandika ndiyo. Wengi huteleza hapo. Na hata aliyewahi kutamani, mama, kutamani si kutenda."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kuna siku mtoto alilia tangu asubuhi, yeye akashika mto wa kitandani kwa mikono miwili, kisha akautupa, akakimbilia uani. Hakumsimulia mtu. Akisema sasa, watamrudishia mtoto kweli?

"Tuendelee?" aliuliza Bahame.

Nje, kwenye foleni, kichanga cha mtu mwingine kilianza kulia. Maziwa yakamtoka Mwanakheri, yakalowesha kifua cha gauni.

"Daktari," alisema, "ngoja kwanza. Andika ile hapana."