Kikombe cha Baraka

Zenebech alipomaliza kumimina vikombe vya pili vya kahawa, aliweka chini birika la udongo na kuinuka. Miaka sita imepita tangu azae, na pale alipochanika akashonwa vibaya panawaka moto kila akikaa kwenye kigoda.

"Huyo anakwenda tena," mama mkwe akawaambia majirani. "Kikombe cha tatu ndicho cha baraka, lakini baraka za nyumba hii hazimtoshi malkia wetu."

Majirani wakacheka. Zenebech akauma meno, akainama kuchukua kikombe cha mama mkwe. Ndipo alipokiona kigoda alichokalia mkwewe.

Upande mmoja ulikuwa umesagika hadi unang'aa. Upande wa pili ulikuwa bado na alama za kuchongwa kwa tezo. Mama mkwe alikuwa amekalia paja moja, kama siku zote. Watu husema ni maringo. Zenebech naye hukaa hivyo hivyo, akiwa peke yake.

"Mama," akanong'ona, "wewe tangu lini?"

Kikongwe hakumtazama. Akakisukuma kikombe taratibu.

"Tangu nimzae mumeo. Sasa kaa, mwanangu. Wanatuangalia."